Taarifa ya Habari Kutoka Mgombani

Habari kubwa jioni ile ilikuwa sufuria. Mektrida alikaa kwenye kigoda katikati ya migomba, mbele yake meza ndogo iliyotandikwa kitenge, akafungua daftari ambalo halikuwa na neno hata moja, akamtazama binti yake Hilda aliyeshika simu, akakohoa kama watu wa redioni.

"Hii ni taarifa ya habari kutoka mgombani, Rombo. Anayesoma ni mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine. Kwanza muhtasari. Sufuria iliyoazimwa siku ya kipaimara imerudi nyumbani baada ya miezi mitatu. Imerudi bila mfuniko. Jogoo wa jirani ameendelea kuvuka mpaka bila kupita forodha ya Holili, na safari hii amewafikia kuku wangu wa mayai. Na huko sokoni Mkuu, bei ya pumba imepanda mpaka ng'ombe wangu ameomba nimwonyeshe risiti."

"Aisee Mama Hilda, usiseme sufuria aliazima nani!" sauti ya jirani yao Gladys ililia ng'ambo ya ua.

"Aliyeazima hajatajwa," Mektrida aliendelea kusoma, macho yake yakiwa palepale kwenye ukurasa mtupu. "Ila amejitaja mwenyewe sasa hivi, watazamaji mmesikia."

Hilda alicheka mpaka simu ikatikisika, na watazamaji waliipenda zaidi kwa kutikisika huko. Taarifa zote zilirekodiwa hivyo: baada ya kukamua, kabla jua halijazama, mara moja tu. Hakuna aliyezipitia kwanza, hakuna aliyekata neno. Hilda alizitupia mtandaoni akiwa amesimama nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao ulipokamata, na siku za mawingu ilibidi ng'ombe asogee kidogo ili video ipite. Watu elfu arobaini na moja walizifuatilia. Wachaga walioko Mwanza, Mbeya na huko ughaibuni wanakovaa makoti hadi kitandani walisema hawali chakula cha jioni kabla Mektrida hajasoma. Muuza pumba mmoja wa Pasua, kule Moshi, alimletea magunia mawili kwa sababu alimtaja, na alipomtaja kwa ubaya, maana gunia moja lilikuwa na unyevu, akaleta la tatu.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa, naye aliishi humo humo ndani. Sirili, mume wa Mektrida, mpima kahawa mstaafu, aliamini kwamba duniani kuna televisheni na kuna mengineyo. Taarifa ya saa mbili aliitazama akiwa amevaa koti. Msomaji akisema "usiku mwema," Sirili aliitikia "na wewe pia, mwanangu," na ole wake atakayezima kabla hajaitikia.

"Simu ni simu," alimwambia mkewe. "Hata mwendawazimu anayo. Televisheni wanakuchagua."

"Nani wanakuchagua?"

"Wao."

"Wao nani, Baba Hilda?"

"Wao ni wao. Ungekuwa unawajua, wasingekuwa wao."

*

Jumanne wao wakaja. Walikuja na gari jeupe lenye nembo ya kituo cha televisheni cha Dar es Salaam, na Sirili alipoliona linapinda kuingia kwake alirudi ndani kunyoa ndevu kwa mara ya pili siku hiyo.

Aliyeshuka alikuwa mtayarishaji wa vipindi, kijana wa miaka thelathini na kitu, suruali ya kubana, jina lake Primus. Nyuma yake mpiga picha aliyebeba kamera kubwa kama mtoto mgonjwa. Baba yake Primus alikuwa Mrombo, lakini yeye alizaliwa Kinondoni, Dar es Salaam, na mlimani alipanda Desemba tu, akala nyama, akashuka. Kichaga chake chote kilikuwa neno moja, "aika", yaani asante, na alilitumia kwa kila shughuli: kupokea chai, kuomba njia, hata alipokanyaga kinyesi cha mbuzi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," alijibu Mektrida.

"Marahaba, karibu, kaa, hapana, usikae hapo, kaa kwenye kochi," alijibu Sirili.

Primus hakuzungusha maneno. Kituo kiliitaka taarifa ya mgombani. Kila Ijumaa, nchi nzima, na Mektrida angelipwa milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Chai ya Sirili ilipita njia isiyo yake, na Hilda alimpiga mgongoni mpaka ikarudi.

"Tufanye jaribio kidogo leo," Primus alisema. "Mama, hamna nyumba ya nyasi?"

"Ya nini?"

"Ya mandhari. Hii ina vigae."

"Tulikuwa nayo. Ilivuja, tukajenga hii."

Primus aliandika kitu kwenye simu yake. Kisha akamtazama ng'ombe, aliyekuwa na pembe moja na macho ya mtu aliyekopwa. "Na huyu hatafaa. Watazamaji watauliza ile nyingine iko wapi. Kwa jirani hakuna mzuri zaidi?"

Kwa jirani alikuwepo. Gladys alimleta mwenyewe, wa madoadoa meusi na meupe, amekwisha kumwogesha. Palikuwa na upenyo kwenye ua wa kupitia, lakini Gladys alizunguka barabarani na kuingia kwa geti la mbele, amefunga kilemba cha Pasaka. "Nimeambiwa anahitajika ng'ombe mzuri," alisema kwa sauti ya watu watatu. Ng'ombe wake mwenye pembe moja alifungwa nyuma ya jiko, na inasemekana jioni ile alitoa maziwa nusu kikombe, tena kwa kinyongo.

Kamera ikawaka. Mektrida akafungua daftari lake.

"Hii ni taarifa ya habari kutoka mgombani, Rombo..."

"Kata! Mama, Rombo tuiache. Sema 'kijijini'."

"Kijiji gani?"

"Kijiji chochote."

"Mimi sijawahi kuishi kijiji chochote, baba. Nimeishi hapa."

"Jaribu tu."

"Hii ni taarifa ya habari kutoka kijijini. Aisee, yule jogoo..."

"Kata! 'Aisee' tuitoe. Sema 'kwa hakika'. Na lafudhi, mama, ilainishe. Ile 'r' inakwaruza."

"Kwa hakika," alisema Mektrida, akilainisha mpaka ulimi ukamuuma, "yule jogoo..."

"Vizuri sana! Kata. Na ile ya sufuria tusiiseme."

"Kwa nini?"

"Kipindi kina mdhamini. Anauza sufuria."

Walirudia mara tisa. Kufikia mara ya sita kuku wote walikuwa wamekwenda kulala, na kufikia ya tisa Mektrida alisoma kama mtu anayesomewa hukumu yake. Hilda alisimama kando, simu mfukoni, mikono haina kazi.

"Bado jambo moja," alisema Primus, akishusha sauti bila kuishusha. "Mzee, usinielewe vibaya. Sura yako haijakaa kama ya mzee wa televisheni. Tutaleta mwigizaji awe mume wa mama."

"Awe mume wangu?" aliuliza Mektrida.

"Kwenye kamera tu."

"Na akishikwa na njaa kwenye kamera, ugali wake ni juu ya nani?"

Watu walicheka, na Sirili akacheka nao, haraka kuliko wote. "Hiyo ni sanaa, Mama Hilda. Sanaa ndivyo ilivyo." Kisha akavua koti lake polepole, akalikunja mkononi, akaenda kusimama nyuma ya jiko pamoja na ng'ombe. Miaka yote alisubiri wao waje kuchagua. Wamekuja, wamemchagua mtu mwingine awe yeye.

*

Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja, wote Kiingereza. Primus aliuacha mezani akasema ofisini ndivyo wanavyopenda. Jumamosi angerudi na nakala ya kusaini, mbele ya majirani, na Hilda aende laivu ili wale elfu arobaini na moja wasikie wenyewe kwamba taarifa inahamia televisheni.

Hilda aliukalia siku mbili, na kamusi ya shule upande mmoja na ndizi mbivu upande mwingine. Ndizi ziliisha kabla ya mkataba.

"Nilichoelewa ni kwamba unachotaka kusema unawatumia Jumatatu. Mhariri anapitia. Ijumaa unasema alichobakiza."

"Jumatatu nitajuaje kitakachotokea Jumatano?" aliuliza Mektrida. "Hata nitakachosema kesho mimi mwenyewe sikijui mpaka kitoke."

"Na ukurasa wa tisa haunielei. Sentensi moja mistari kumi na minne, haina pumzi. Nimeona tu neno 'miaka' na neno 'saba'."

"Waache na miaka yao. Mdomo ni wangu. Sisaini."

Sirili alikuwa akimenya ndizi za supu ya mtori, kazi ambayo hakuwahi kuonekana akiifanya tangu kahawa iwe na bei nzuri. Hakuinua kichwa.

"Mara moja tu, Mektrida," alisema. "Nikuone mle ndani." Alionyesha televisheni kwa kisu. "Niseme yule ni mke wangu. Huyo mume wao akikaa pembeni, na akae. Mimi nitakuwa najua."

Mektrida alikuwa na jibu kwa muuza pumba, kwa padre, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa jogoo. Kwa hili alivuta kigoda, akaanza kumenya ndizi pamoja naye. Sirili hakuwa amesema kwa majivuno, wala kwa ubishi wake wa kila siku. Alikuwa ameomba.

"Haya," alisema hatimaye. "Jumamosi."

Hilda akafunga kamusi kwa nguvu, akatoka nje kuwatafutia kuku mahindi ambayo walikuwa wameshakula.

*

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko mazishini. Gladys alikuja na ng'ombe wake, ikiwa atahitajika. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa ndoo nne, na mzee Wenseslaus, mkubwa wa ukoo, aliyekuwa na umri ambao hata yeye aliukadiria tu, alipewa kiti cha mbele na kata ya kwanza. Hilda aliunga bando la wiki nzima, akasimamisha simu juu ya gunia la pumba. Watazamaji walianza mia mbili, wakawa elfu tatu kabla mtu hajasema neno.

Primus alishuka garini akaacha mpiga picha atangulie. Yeye alisimama kidogo uani, akachuma kitu, akakishughulikia kwa vidole. Alipotokea mbele ya watu alikuwa ameshika nakala ya mkataba ya kusaini, imekunjwa kama bomba, na juu yake limefungwa jani refu la kijani, limepigwa fundo. Akainama, akamkabidhi Mektrida kwa mikono miwili.

"Aika, mama," alisema.

Mzee Wenseslaus aliweka kata chini. Wanawake wawili walifanya ishara ya msalaba. Jani lilikuwa isale.

Uchagani isale hupandwa mipakani, lakini kazi yake kubwa si mpaka. Ukimkosea mtu kosa zito, kosa ambalo mdomo wako peke yake hauwezi kulibeba, unachukua jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ni shamba, hata kama ni damu. Lakini na aliyeleta hana ruhusa ya kunyamaza. Lazima aseme amekosa nini.

Haya Primus hakuyajua. Alichojua ni kwamba alipokuwa na miaka minane, Desemba moja, baba yake mdogo alimletea baba yake jani kama hili, wakubwa wakakumbatiana wakilia, na papo hapo ikachinjwa mbuzi. Tangu siku hiyo aliamini hilo ni jani la kufungulia mikataba.

"Mwanangu," alisema mzee Wenseslaus, "umemkosea nini mama huyu?"

Primus alitabasamu. "Hapana mzee, hakuna kosa. Ni heshima tu."

"Isale haiji kusalimia. Unaingia kwenye kitubio, unapiga magoti, halafu unamwambia padre nilikuwa napita tu?"

"Mzee, mimi..."

"Umelifunga fundo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Umeinama?"

"Nimeinama, lakini..."

"Basi una kosa. Litafute."

Hilda alitazama simu. "Mama, wameshafika elfu tisa. Wanauliza amekosa nini. Kuna mmoja yuko Mbeya anasema asiachiwe kukaa mpaka aseme."

Primus alimtazama mpiga picha wake, mpiga picha akatazama mlima. Alitazama geti, na getini alikuwa amesimama Gladys na ng'ombe, wakiwa wameliziba lote. Jasho likamtoka kwenye baridi ya Rombo.

"Labda," alianza, "labda nilikosa kuhusu ng'ombe. Wa mama nilimkataa mbele ya watu."

"Eeeh!" umati ulipumua. Hata Gladys aliitikia, kisha akakumbuka yuko upande gani.

"Endelea," alisema Wenseslaus. "Hilo si la kulifungia fundo."

"Na mzee Sirili. Kumletea mwigizaji. Yule mwigizaji... ni shemeji yangu. Hana kazi tangu mwaka jana."

"Shemeji!" alisema Sirili, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo shingo yake ilinyooka. "Ndiye aliyenizidi uzee?"

"Ana miaka arobaini na mbili, mzee. Wangempaka unga kichwani."

Watu waliangua kicheko, mmoja akamwaga mbege, akalaumiwa. Lakini Mektrida hakucheka. Alikuwa bado ameshika ule mkataba pamoja na jani lake, kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

"Na ukurasa wa tisa?" aliuliza.

Primus alirudi nyuma hatua moja.

"Umeniletea isale, baba. Sema. Mimi nimeshalazimika kukusamehe, kilichobaki ni mimi kujua ninakusamehe nini."

Ni hapo sauti ya Kinondoni ilipomwishia. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. "Ukurasa wa tisa unasema ile chaneli ni ya kituo. Na wale watu elfu arobaini na moja. Na kwa miaka saba mama haruhusiwi kuonekana akizungumza kwenye simu ya mtu mwingine yeyote bila kibali. Hata... hata harusini."

"Hata msibani?"

"Msibani pia."

"Na nikisema?"

Alitaja faini. Aliitaja kwa kunong'ona, waliosikia wakawaambia wasiosikia, na ilipofika kwa waliokaa nyuma ilikuwa imezaa mara mbili.

"Mama," Hilda alisoma kutoka kwenye simu, "kuna dada yuko Moshi mjini anauliza: yaani mimi nimekaa jikoni kwangu nakaanga vitunguu, ni mali ya kituo?"

Hakuna aliyecheka. Mektrida alimgeukia mumewe. Watu wote walimwona akimtazama, na wengi walidhani anamlaumu, lakini hakuwa akimlaumu. Alikuwa ameshaahidi, na neno alilompa Sirili hakutaka kulitengua bila yeye.

Sirili alisimama. Aliitazama ile kamera kubwa ya kituo kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga mgeni aliyemsubiri maisha yake yote na kumkuta anakoroma. Kisha akamgeukia mkewe.

"Msamehe, Mama Hilda," alisema. "Msamehe yote. Usimbakizie hata ukurasa mmoja."

Mektrida alielewa kabla ya wengine wote. Alilitoa lile jani la isale kwenye mkataba, taratibu, bila kulifungua fundo, akaliweka kifuani.

"Primus, mwanangu, nimekusamehe. Nimekusamehe ukurasa wa kwanza. Nimekusamehe wa pili na wa tatu." Alihesabu mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wa kumi na moja, na kila ukurasa umati uliitikia kama litania. "Nimekusamehe na jalada lake. Mzee Wenseslaus, kosa lililosamehewa kwa isale linafanywaje?"

"Limekufa," alisema mzee, ambaye naye sasa alikuwa ameelewa, na macho yake yalikuwa yanacheza kama ya mtoto. "Halitajwi tena. Atakayelitaja ndiye mkosaji mpya."

"Basi limekufa," alisema Mektrida, akamrudishia Primus karatasi zake.

"Asante mama, asante sana," Primus alipumua, akatoa kalamu mfukoni. "Sasa kama tumeelewana, ni kuweka tu sahihi kwenye huu mka..."

"Usiutaje!" walipiga kelele watu wote kwa pamoja, na kelele hiyo, wasemavyo waliokuwa Mkuu sokoni, iliangusha fungu zima la nyanya.

Kalamu ilirudi mfukoni yenyewe. Mektrida alimchotea kata ya mbege, akaionja kwanza ili mgeni asiwe na wasiwasi, akampa. Sirili alimvutia kiti, mpiga picha naye akavutiwa ndoo tupu ya kukalia, na Hilda akageuza simu ili watazamaji elfu kumi na mbili waone mtu aliyepatanishwa anavyofanana.

Kata ya tatu ilimkuta Primus akiwa amelegea kabisa, akimweleza Gladys kwamba ng'ombe wake kwa kweli ni mzuri lakini hana mvuto wa ndani. Ndipo simu yake ilipolia. Alisimama, akajaribu kunyoosha shati.

"Ndiyo bosi."

"Vipi huko?" Sauti ya bosi ilikuwa nene, watu wa mstari wa mbele waliisikia yote. "Amesaini?"

"Amenisamehe, bosi."

"Amekusamehe? Amekusamehe nini?"

Primus aliinua macho. Watu wote walikuwa wameacha kunywa. Mzee Wenseslaus alikuwa ameegemeza mkono sikioni.

"Bosi," alisema, "siruhusiwi kutaja."